Kabla ya Kufundisha Pentekoste, Pita Kwanza Shambani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mafinga aliniandikia akiomba nimsaidie kuandaa somo la Pentekoste kwa vijana wenzake, na akanidokezea kwamba kichwa cha somo amekwisha kukipata: "Siku ya Kwanza ya Pentekoste". Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu kichwa hicho ndicho nilichokitumia mimi mwenyewe miaka sita iliyopita hapa Makambako, mbele ya kina mama, vijana na wazee wa kanisa, kikaniletea aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Siku ile nilifundisha kwa sauti kubwa kwamba sikukuu hiyo ilianzia katika Matendo ya Mitume sura ya 2, na kwamba jina lenyewe maana yake ni kushuka kwa Roho Mtakatifu. Nilikuwa nimefika kwenye ndimi za moto, bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "umesoma hapo kwamba siku ya Pentekoste ilipotimia. Siku inayotimia ni siku iliyokuwa ikihesabiwa. Walikuwa wakihesabu nini?" Sikuwa na jibu, nikaanzisha pambio. Pambio likaisha, na bibi bado alikuwa amenyoosha mkono.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa aliposimama na kushauri, watu wote wakisikia, kwamba mwalimu apumzishwe mpaka atakaposoma. Watu wakacheka. Angeweza kuniita pembeni tukazungumza kama watu wazima. Nimemsamehe, nadhani, ingawa nikimwona sokoni bado huwa napita upande wa nyanya.

Nisikuchoshe kwa habari za miezi niliyokaa nikisoma. Jibu la bibi lilikuwa katika Walawi 23, tangu aya ya 15. Waisraeli waliagizwa kwamba, wakishaleta mganda wa malimbuko, yaani mavuno ya kwanza, baada ya Pasaka, wakati shayiri inapoanza kuvunwa, wahesabu majuma saba kamili, na siku inayofuata, ambayo ni ya 50, wamtolee Mungu sadaka ya nafaka mpya. Kumbukumbu la Torati 16 huiita sikukuu ya majuma, na Kutoka 23 huiita sikukuu ya mavuno. Neno Pentekoste ni la Kiyunani na maana yake ni "ya hamsini", basi. Kwa hiyo wanafunzi wa Yesu hawakuianzisha sikukuu. Waliikuta, wakiwa Wayahudi waliokuwa wakiihesabu tangu utotoni.

Ushauri wangu wa kwanza, ndugu msomaji, ni kwamba uhesabu mwenyewe. Mimi nilichukua kikombe cha maharage nikawa napanga punje moja moja mezani kuanzia Jumatatu ya Pasaka, na nilipofika punje ya 50 nikajikuta nimeangukia Jumatatu nyingine. Nikapangua, nikapanga tena, Jumatatu ileile. Mke wangu, aliyekuwa akiyangojea maharage hayo kwa ajili ya chakula cha jioni, ndiye aliyeniambia kwamba Jumapili ya Pasaka nayo ina punje yake. Tangu hapo sijakosea.

Ukishaanzia shambani, mambo mengine hujieleza. Kwa nini Yerusalemu ilikuwa na Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Misri, wa Krete na Waarabu siku hiyohiyo Roho aliposhuka? Kumbukumbu la Torati 16:16 iliwataka wanaume wote waende mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka, na sikukuu ya majuma ni mojawapo. Sisi wa Makambako tusipate taabu kulielewa hilo. Simama asubuhi pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, usikilize Kibena, Kikinga, Kihehe na Kinyakyusa katika foleni moja ya chai, halafu ufikirie kila mmoja wao ghafla akisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya mama yake.

Tazama pia mikate. Wakati wa Pasaka ililiwa mikate isiyo na chachu, lakini siku ya 50 iliagizwa mikate miwili iliyookwa kwa chachu, mikate ya kawaida ya nyumbani. Nami hapo huona mavuno ya Petro siku ile, watu wapatao 3,000 waliobatizwa, kuwa malimbuko ya watu wa kawaida wenye chachu zao.

Hapa ndipo ninapowagombeza wahubiri wenzangu. Mara baada ya agizo la sikukuu, aya ya 22 ya Walawi 23 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni na kuokota masazo, yaani mabaki ya mavuno, ili maskini na mgeni wapate. Wayahudi husoma kitabu cha Ruthu, mwokota masazo, katika sikukuu hii. Na Matendo 2 yenyewe huishia kwa waumini kuuza mali zao na kugawiana kulingana na mahitaji. Tunapiga kelele za moto mpaka sauti zinakauka, halafu tunarudi nyumbani kukung'uta hata punje ya mwisho iliyobaki kwenye shina, huku mjane wa jirani akitutazama kupitia ua!

Mwaka huu nilipewa tena zamu ya kufundisha, nikaanzia kwenye mganda wa shayiri. Bibi yule, ambaye sasa macho yanamsumbua, alileta mikate miwili ya ngano ya Makete, nayo ikaingia mnadani baada ya ibada pamoja na kuku na madebe ya mahindi. Mmoja nilipandisha bei mimi mpaka nikauchukua. Mwingine ulichukuliwa na yule mzee, ambaye aliukata palepale nje ya kanisa, akanipa kipande bila kuniangalia usoni, akaniuliza kama shayiri huko kwao huvunwa kabla ya ngano kila mwaka au ule mwaka tu.