Muulize Bibi Shamba: Kabla hujachanganya dawa, geuza jani

Barua sita mezani, na karibu zote zinaomba dawa ya viungo vya bustanini. Nilizunguka Muheza na Korogwe miaka mingi nikiwa bibi shamba, na hata leo nikiwa mstaafu mwenye ndoo kumi na moja za viungo uani kwangu Tanga, swali langu la kwanza halijabadilika: umegeuza jani ukaona chini yake kuna nini?

Shikamoo Bibi. Nina mrehani kwenye ndoo tatu za rangi barazani. Majani ya juu yamejikunja na kunata, chini yake kuna vidudu vya kijani vidogo kama punje za ulezi. Sisimizi wanapanda na kushuka kutwa nzima. Jirani ameniambia niloweke tumbaku usiku mmoja, asubuhi ninyunyize. Ninyunyize?
*Mama wa watatu, Tabata*

Marahaba mwanangu. Usinyunyize, na hayo maji kama umeshayaloweka yaweke mbali na watoto. Nikotini ya tumbaku ni sumu kweli kweli, inapenya hata kwenye ngozi ya mkono, na mrehani huo kesho utautia kwenye mchuzi. Jirani atakwambia ni dawa ya asili. Sumu ya koboko nayo ni ya asili.

Hao ni vidukari. Wanafyonza utomvu wa mmea, sukari ya ziada inawatoka nyuma, ndiyo hiyo inayonata. Sisimizi hawaugusi mrehani wako, wamefuata hiyo sukari. Wanawachunga vidukari kama mtu na mbuzi wake, na mdudu mwingine akija kuwala wanamfukuza. Kwa hiyo anza na mchungaji. Weka kila ndoo juu ya tofali, na tofali ndani ya sinia lenye maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu, usije ukafuga mbu. Halafu angalia kama kuna tawi linalogusa ukuta, maana tawi moja tu ni daraja. Mimi niliwahi kuhangaika wiki nzima na sinia langu, kumbe sisimizi wanapita kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Sasa vidukari wenyewe. Ncha zilizojikunja sana zikate, mrehani haukasiriki kukatwa, unachipua mara mbili. Zilizobaki shika kwa mkono mmoja, kwa mwingine mwaga maji ya nguvu kutokea chini ya jani. Wengi wakianguka hawana miguu ya kurudi. Fanya hivyo siku tatu mfululizo asubuhi. Wakibaki, kwangua sabuni ya mche upate kijiko cha chai, yeyusha kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, nyunyiza jioni jua likishapoa, asubuhi suuza kwa maji matupu. Sabuni inaua yule tu iliyemgusa, ikikauka haina kazi tena, hivyo rudia baada ya siku nne au tano. Jaribu kwanza kwenye tawi moja.

Na nisisikie sabuni ya unga. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikakoroga ya kufulia, nikanyunyiza saa saba mchana. Kufika alasiri mrehani aliokuwa amenipa mama mkwe umelegea kama mchicha uliokwisha iva. Sikumwambia. Alipokuja kuuliza nikamwambia mbuzi.

Jambo moja hukuniandikia: unatia mbolea gani? Kama ni ya kuku, tena mbichi, ndiyo iliyowaita. Majani yanakuwa laini mno, na vidukari wanapenda ulaini.

Bibi Shamba, za leo? Nanaa yangu ilikuwa imejaa karai zima. Sasa chini ya majani kuna vipele vya rangi ya machungwa, nikigusa vinaacha vumbi kidoleni. Nimenyunyiza maji ya pilipili na kitunguu saumu mara nne, hakuna kitu.
*Mpenda chai, Moshi*

Salama. Pilipili inamsumbua mdudu mwenye mdomo, wewe huna mdudu. Hiyo ni kutu, ugonjwa wa ukungu, na lile vumbi ni mbegu zake. Kila ukigusa jani na kugusa jingine unapanda.

Kata nanaa yote, nasema yote, hadi kwenye udongo. Okota na majani yaliyodondoka. Choma au tia kwenye taka, usipeleke kwenye shimo la mboji. Najua roho inauma, karai litabaki kama kichwa kilichonyolewa. Lakini nanaa inaishi chini, na ndani ya wiki chache itachipua. Machipukizi yakitoka yamevimba, yamepinda na yana rangi ile ile, basi kutu imeingia hadi kwenye mizizi: tupa, osha karai kwa sabuni, omba kipande kipya kwa mtu mwenye nanaa safi na utie udongo mwingine. Mwagilia udongo, si majani. Na hapo Moshi, asubuhi zenu za ukungu na manyunyu, usilibanze karai ukutani, liweke penye upepo.

Salaam Bibi. Mrehani wangu una majani ya manjano katikati ya mishipa. Nilidhani una njaa, nikatia samadi, umezidi. Vijidoa vyeusi navyo vimeanza.
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Geuza jani asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Ukikuta kama vumbi la kijivu linaloelekea zambarau, na limeishia kwenye mishipa kana kwamba limechorewa mipaka kwa rula, hiyo si njaa. Ni ubwiri vinyoya. Ugonjwa huu wa mrehani ni wa kwetu: ulielezwa Uganda miaka ya 1930, na huko Ulaya wakaanza kulia nao kuanzia 2001.

Dawa ya jikoni hakuna, wala baking poda wala maziwa, na atakayekuuzia anakuuzia matumaini. Chuma majani yaliyo safi leo hii uyatumie, ugonjwa huu haumdhuru mtu. Mche uliobaki uvike mfuko wa plastiki kwanza ndipo uung'oe, usije ukapeperusha vumbi kwa mingine. Ukipanda tena, acha nafasi ya kutosha kati ya miche, mwagilia asubuhi tu, kwani ukungu huu unataka jani lililolala limelowa. Mirehani ya majani madogo yenye harufu ya ndimu huuvumilia zaidi kuliko ule wa majani mapana. Wakati wa mvua mimi sipandi kabisa ule mpana, nasubiri.

Bibi, nachemsha majani ya mwarobaini hadi maji yanakuwa meusi, lakini viwavi kwenye mchicha na mrehani wangu wanaendelea kula. Mwarobaini umekwisha nguvu?
*Mkulima wa uani, Dodoma*

Mwarobaini haujaisha nguvu, umeupika. Nguvu kubwa iko kwenye mbegu, na moto unaipunguza. Okota mbegu zilizodondoka, menya, kausha kivulini. Zilizoota ukungu tupa. Twanga gramu 50 za kiini, loweka kwenye lita moja ya maji ya baridi kuanzia jioni hadi asubuhi, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya mche kidogo ili ishike jani. Weka kivulini, nyunyiza siku hiyo hiyo jioni, kwa sababu jua linaivunja haraka. Usikae kusubiri viwavi wadondoke papo hapo. Dawa hii inawakatisha hamu ya kula na kuwazuia wasijivue ngozi, wanadhoofika kwa siku kadhaa. Wenye haraka watumie vidole: viwavi sita wanaokotwa kabla chai haijachemka.

Ila kwa viungo nina neno. Mwarobaini ni mchungu, na mrehani unatunza uchungu huo. Kaa wiki bila kuchuma, kisha osha vizuri.

Bibi, roshani yangu ina rozimari iliyopauka, na kwenye vikonyo naona kama utando wa buibui. Iko karibu na kiyoyozi.
*Mwana wa Unguja, Muscat*

Kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe. Vijidoa vikianza kutembea, huo ni utitiri. Kiyoyozi, lile sanduku lake la nje, kinapulizia rozimari yako hewa ya moto, na utitiri hupenda joto lenye ukavu. Sogeza chungu, oga nayo: kila baada ya siku mbili ipige maji utosini na chini, wiki mbili. Udongo uachwe ukauke kidogo kati ya kumwagilia na kumwagilia, rozimari haipendi kulowa miguu.

Giligilani yangu ina mwezi mmoja tu, imerefuka ghafla, majani yamekuwa kama nyuzi na inatoa maua. Mama mkubwa anasema kuna jicho. Ni ugonjwa gani?
*Binti wa Bagamoyo*

Msalimie mama mkubwa, mwambie ni jua. Giligilani ikibanwa na joto hukimbilia mbegu, na ukishaona nyuzi huwezi kuirudisha. Panda nyingine penye kivuli cha mchana, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, moja kwa moja kwenye ndoo yake, haipendi kuhamishwa.

Ile yenye maua usiing'oe. Maua yake meupe yanawaita inzi wadogo wenye mistari kama nyuki, wanaoning'inia hewani bila kutikisika. Watoto wao wanakula vidukari, na yule mama wa Tabata angewapenda sana. Mbegu zikigeuka kahawia zivune, nusu ya mchuzi, nusu ya kupanda. Za kupanda ziviringe kidogo chini ya chupa kwanza, zipasuke. Ile punje moja unayoiona ni mbegu mbili zimekumbatiana.