Isimu au fasihi? Barua kwa mwanangu aliyeko Mombasa

Assalamu alaikum mwanangu,

Ile voisi yako ya juzi usiku nimeisikiza mara mbili, mara ya kwanza na mamako tuko barazani na mara ya pili peke yangu baada ya Alfajiri, maanake mamako akisikiza kitu na yeye yuwasema juu yake mpaka hujui nani ni nani. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja, wataka kufanya masta ya Kiingereza na hujui uchukue isimu, yaani elimu ya kuichunguza lugha yenyewe, au fasihi, wataka kujua kama ni pesa ya kutupa, na pale mwisho kwa sauti ya chini ukauliza kama umechelewa kwa vile una miaka 32 na umesomesha miaka 7 na wenzako washamaliza kitambo. Mimi si mtu wa voisi wajua, nikishika simu nasahau nilotaka kusema, kwa hivo nimekaa naandika pole pole na kidole kimoja.

Jibu langu nalitoa mapema usije ukaanza kuruka mistari kama unavosoma magazeti. Chukua isimu. Sasa nipe nafasi.

Kwenye digrii ya ualimu walikuchanganyia vyote viwili kama wali na mchuzi kwenye sinia moja, na darasani ndio hivo hivo wafundisha vyote, asubuhi nomino na vitenzi, mchana riwaya na mashairi. Kwenye masta sinia zinatengana. Na kutengana huku hapa kwetu kuna historia, mwaka 1968 pale chuo cha Nairobi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, wakauliza kwa nini fasihi ya Uingereza iwe ndio shina na ya Afrika iwe tawi la kubandikwa, mbona isiwe Afrika ndio katikati na hao wengine watazamwe kutokea hapa. Ikatoka idara ya Fasihi. Mpaka sisi tulipofika chuoni miaka mingi baadaye watu bado walikuwa wakibishana nayo kwenye foleni ya chakula. Kwa hivo mtu akikwambia fasihi kwenye vyuo vyetu ni kumkariri Shakespeare tu, huyo hajui asemalo.

Na wala siidharau. Abdulrazak Gurnah mtoto wa Unguja amechukua Nobel mwaka 2021 kwa riwaya za Kiingereza, na mbele ya hapo amesomesha fasihi chuo kikuu cha Kent huko Uingereza miaka na miaka, na ukisoma sentensi zake wasikia kabisa huyu mtu Kiswahili amenyonya. Lakini mimi nakujua wewe. Wewe riwaya waisoma kwa raha, walala nayo kifuani, ukimaliza wanipigia simu kunieleza nani alimfanyia nini nani kama ni majirani zetu wa Langoni hapa Lamu, Amu yetu. Fasihi ya masta si kusoma riwaya, ni kusoma watu wanaobishana juu ya riwaya, nadharia juu ya nadharia, na wako wanaoipenda hiyo kazi na wanaiweza wallahi, wewe nakuona miezi mitatu haipiti umeichukia hata riwaya yenyewe. Riwaya utazisoma bila kulipa ada.

Wewe ni sikio. Wakumbuka ulipopelekwa bweni Mombasa fomu wani? Wasichana walikucheka kwa ndia na mato na kitwa, ukarudi likizo ya kwanza wasema njia na macho na kichwa. Mimi nilikuja kukupokea Mokowe, ng'ambo ya bara, ukanisalimia pale jeti kwa Kiswahili cha bweni, safi kama mtangazaji wa redio, tukapanda boti, nusu saa haikufika, na tunapokaribia gati ya Amu ukamwambia yule kijana aliyekaa mbele na magunia, "nipisha ndia". Nilicheka kimoyomoyo nikanyamaza. Hukujua kama umegeuza. Kwenda ulipogeuzia ni katikati ya mkondo, kurudi pia ukageuzia hapo hapo, maana mwisho wa likizo nilikusindikiza nikatega sikio makusudi.

Hicho ulichofanya kwenye boti kuna mtu jina lake lote limesimama juu yake. Tulipokuwa chuo kulikuwa na lekchara mmoja mwenye sauti ndogo, darasa lake saa nane mchana, nusu yetu twasinzia. Siku hiyo akaanza habari za kisiwa na hilo neno kisiwa likaniamsha. Kisiwa chenyewe chaitwa Martha's Vineyard, kiko Massachusetts Marekani, mwaka 1960 wenyeji hawakufika 6,000 na kiangazi kikija wageni walipita 40,000, matajiri wa bara wakinunua nyumba za pwani na wavuvi wakibaki kutazama. Nikasema moyoni huyu mtu yuwanieleza Shela hapa kisiwani kwetu. Basi mtafiti anaitwa William Labov akaenda pale mwanzo wa miaka ya 1960 na mashine yake ya kurekodi, na hakuuliza mambo makubwa, alisikiliza irabu tu, ile iliyo ndani ya neno right na ile iliyo ndani ya house. Akakuta wavuvi wa upande wa Chilmark wanaitamka kwa namna yao ya kisiwani, na wanaoongoza si wazee kama ungedhani, ni watu wa miaka 31 hadi 45. Waliotaka kubaki kisiwani waliishika, waliokuwa na nia ya kuhama hawakuwa nayo sana, na hakuna mtu aliyekaa nao barazani kuwaambia jamani tuseme hivi ili wageni wajue hapa ni kwetu. Kuna mama mmoja alimwambia kwamba mwanawe mbeleni hakuwa akisema vile, ameanza tangu arudi kutoka chuo, labda ataka kufanana na wale wanaume wa bandarini. Mimi huyo mama sikumsahau mpaka leo.

Sasa sikiza kwa nini nimekuletea hadithi hiyo. Ile kazi ya kisiwani, iliyotoka jaridani mwaka 1963 na mpaka kesho wanafunzi wa isimu wanaisoma, ilikuwa ndio kazi yake ya masta. Masta mwanangu, si PhD. Na huyo Labov alizaliwa 1927, na kabla ya kugeukia isimu alikuwa mkemia wa kutengeneza wino kiwandani miaka na miaka. Piga hesabu mwenyewe alikuwa na miaka mingapi. Lile swali lako la kuchelewa naliacha hapo.

Utaniambia lakini baba, Kiingereza si lugha yangu, nitawaambia nini wenyewe. Hapo ndipo unapokosea. Chukua karatasi nyembamba uiweke mbele ya mdomo useme pin, karatasi itatikisika. Sema spin, itatulia. Hizo ni p mbili tofauti, moja ina pumzi na moja haina, na Mwingereza anazo zote mbili na maisha yake yote hajijui kwa sababu kwake hazibadilishi maana. Wewe bibi yako alikufunza kabla hujatia meno kwamba paa la nyumba si sawa na paa wa mwituni, na kaa la moto si sawa na kaa wa mikokoni, na ukikosea pumzi watoto wanakucheka. Wataalamu wanasema ile pumzi ya paa wa mwituni ni mabaki ya sauti ya puani iliyokuwa mbele ya p zamani ikafa. Kule chuoni watakufundisha jambo hili wiki nzima kwa michoro na wenzako watakariri kwa mtihani, wewe unalo kinywani. Haandiki mtu pumzi hiyo vitabuni siku hizi ndio maana hata nyinyi wenyewe mnasahau kama mnayo.

Na mada unayo pia, iko hapa chini ya nyumba. Yule nahodha jirani yetu, skuli aliachia darasa la nne, Kiingereza amekiokota kwa watalii miaka 30 akiwapeleka Manda na Matondoni, na yuwakisema kwa kasi kuliko mimi niliyekisomea. Juzi alikuwa na wageni wake pale gatini awaambia "my mother he is cooking for you", wageni wakacheka na yeye akacheka nao hajui wamecheka nini. Mimi hilo kosa nimelipiga wino mwekundu kwenye madaftari miaka 27, he hapa, she pale, wallahi sikuwahi hata siku moja kukaa nikauliza kwa nini watoto wote wa pwani wanalikosea vile vile. Kumbe Kiswahili hakijali ni mume au mke, anapika ni anapika, kinachojali ni kama ni mtu au kiti au mti. Na Kiingereza chenyewe cha kale kilikuwa na jinsia tatu za nomino, kila neno lina yake, zikafifia zikapotea, na kufika wakati wa Chaucer, yule mshairi wao wa miaka kama 600 nyuma, hazipo tena, wamebakiwa na he na she na it kama vigae vya sahani iliyovunjika. Nahodha wetu hakosei ovyo. Ana kanuni. Sasa kanuni zake ni zipi, na manahodha wa Shela wanasema kama wa Amu mjini, na vijana waliosoma mpaka fomu foo wakiingia kwenye boti wanabaki na Kiingereza cha darasani au wanashika cha gatini kama yule mtoto wa yule mama? Hayo mimi siyajui. Nimekaa nayo tangu nistaafu hayanitoki.

Mambo ya karatasi nayapitia mbio. Hapa Kenya masta ni kama miaka 2, wa kwanza darasa na mitihani, wa pili utafiti na tasnifu, na watu hawakwami darasani, wanakwama kwenye tasnifu, anapata kazi nyingine au supavaiza anapotea na mwaka wa pili unakuwa wa tano. Kwa hivo supavaiza mtafute kabla ya kujaza fomu, soma alichoandika, mwandikie. Uliza chuo cha Pwani pale Kilifi kwa vile ni karibu na wewe, uliza Nairobi na Kenyatta na Moi, uwaulize wenyewe ni programu gani wanafungua mwaka huu maanake kwenye karatasi ziko nyingi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, uchukue kabla hujarekodi mtu hata mmoja. Uingereza masta ni mwaka 1 tu na Chevening, ule ufadhili wa serikali yao, wanalipa gharama, wanataka uwe umefanya kazi miaka 2 na wewe unayo 7, ila ukimaliza lazima urudi ukae nyumbani miaka 2, jambo ambalo mamako amesema hilo sharti ameliandika yeye. Ukisomea nje hakikisha digrii itatambuliwa hapa Kenya. Na usijidanganye masta peke yake itakufanya lekchara, siku hizi wataka PhD, masta ni mlango tu, tena wa nje.

Pesa ya kutupa? Ukienda kwa sababu umechoka na kusahihisha insha, naam, ni ya kutupa, bora uchukue likizo uje ulale. Dhahabu ya mamako haiuzwi, nshamwambia na yeye, maana nilimuona amefungua kile kisanduku.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Mimi pia nilikubaliwa masta, wewe hujazaliwa. Barua ya chuo ilikuja kwa anwani ya skuli niliyokuwa nikifundisha wakati ule, ikakaa kwenye droo ya ofisi, nilipopewa muda wa kuripoti ulikuwa umepita wiki sita. Nilisema nitaomba tena mwaka ujao, mwaka ujao paa la nyumba likavuja, halafu ukaja wewe, halafu ndugu zako. Nilikuwa nimeomba fasihi. Nimefikiri sana juu ya hilo wiki hii na nadhani ningekuwa nimekosea, ningesoma vizuri tu na ningepasi, lakini swali langu muda wote lilikuwa lile la yule mama wa kisiwani na mimi sikujua kama ni swali.

Basi uje mwisho wa mwezi kama ulivosema. Pendekezo lako la utafiti uliandike hata kurasa mbili mbovu, usingoje liwe zuri, tutakaa tulivuruge pamoja. Nimemuuliza nahodha kama utaweza kumrekodi akazungumza na wageni wake, akafikiri, akasema yuko tayari, ila kwanza umwambie wale Wazungu siku ile walicheka nini.

Babako