Je, utoro wa maji unaweza kusubiri mwakani?

Swali: Sisi ni kikundi cha wakulima. Tunataka kujenga lambo kwenye korongo la bonde letu ili tumwagilie mboga wakati wa kiangazi. Tuta la udongo litakuwa na kimo cha mita 4. Lambo likijaa, maji yatakuwa na upana wa mita 60 kwenye tuta na yatarudi nyuma mita 200. Fundi wa tingatinga anasema utoro, yaani mfereji wa kupitisha maji ya ziada lambo likijaa, unaweza kusubiri mwakani, maana tumeshanunua bomba la sentimita 20 la kupita chini ya tuta. Yuko sahihi? Na tutegemee maji kiasi gani?

Jibu: Hapana, hayuko sahihi. Kama fedha hazitoshi kwa tuta na utoro pamoja, punguzeni kimo cha tuta au ahirisheni kazi yote. Tuta la udongo lisilo na utoro lisikutwe na mvua hata ya siku moja.

Tuseme eneo linaloshusha maji kwenye korongo lenu ni kilomita 1 ya mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa saa moja, na asilimia 40 tu ikatiririka, mtapokea mita za ujazo 20,000, yaani wastani wa lita 5,500 kila sekunde. Bomba lenu, hata likiwa safi kabisa na lambo limejaa, halifikishi lita 170 kwa sekunde. Maji mengine yote yatapita juu ya tuta. Yakishaanza kuvuka, huchora vijifereji upande wa nje, vijifereji huungana kuwa pengo moja, na pengo hilo hupanuka mpaka tuta linakatika. Walio chini ya bonde ndio wanaopokea gharika.

Mwaka 1889 huko Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la South Fork lilibomoka hivyo baada ya maji kuvuka tuta. Utoro lilikuwa nao, lakini ulikuwa umewekewa nyavu za kuzuia samaki wasitoke, nazo zikaziba kwa takataka. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Kwa hiyo nawasihi: kwenye utoro wenu msiweke wavu, uzio wala kivuko cha magogo.

Uchimbeni pembeni ya tuta, kwenye ardhi asilia, kamwe si juu ya udongo wa kujaza. Sakafu yake iwe mita 1 chini ya usawa wa juu wa tuta. Kwa hesabu ile ya mvua, upana wa mita 10 utapitisha maji kwa kina cha karibu nusu mita, na nusu mita inayobaki ni ya mawimbi na ya tuta kutitia. Pandeni nyasi zinazotambaa kabla ya masika.

Hapo mtaona kwamba kina cha maji yenu ni mita 3, si 4. Kama vipimo mlivyonipa ni vya usawa huo, zidisheni upana, urefu na kina, kisha gawanyeni kwa 6: 60 × 200 × 3 ÷ 6 ni mita za ujazo 6,000. Msiyapangie yote. Kwenye joto na ukavu, uvukizi wa milimita 6 kwa siku ni wa kawaida, na katika siku 120 hiyo ni sentimita 72. Zinaonekana chache, lakini zinatoka juu, ambako lambo ni pana kuliko kwingine kote. Maji yakikaa bila kutumiwa, zaidi ya nusu yataishia hewani. Pandeni mapema, mwagilieni mapema.

Bomba mlilonunua litumieni kwa umwagiliaji. Lilazeni kwenye mtaro uliochimbwa katika ardhi ngumu, lijengeeni kola za zege (kuta fupi zinazolizunguka bomba ili maji yasifuate ubavu wake), na udongo wa mfinyanzi unaolizunguka mshindilie kwa mkono, tabaka jembamba baada ya tabaka, ukiwa na unyevu wa kushikamana. Msilizungushie mchanga hata kidogo, kwa kuwa maji yatapenya kandokando ya bomba na kuutoboa msingi wa tuta kutoka ndani.