Maswali Yenu: Nani Akae Langoni Jumamosi?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia langoni. Tumechagua sita.

SWALI: Asalaamu alaykum. Nafundisha timu ya daraja la pili hapa Wete. Nina makipa wawili. Mmoja mtu mzima, mrefu, krosi zote zake, lakini ukimrudishia mpira mguuni utadhani kashikishwa kaa la moto. Wa pili ana miaka 19, mwepesi, mashuti ya karibu anaokoa, mguu anao, ila mipira ya juu anaitema. Tangu msimu uanze nawapokezanisha, leo huyu kesho yule, asionekane mtu kaonewa. Mechi 6 tumefungwa mabao 11, na nahodha keshanambia mabeki hawajui wasimame wapi. Nifanyeje? – Kocha, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, kocha. Nahodha wako kasema kweli. Winga ukimbadilisha kila wiki, hasara yake inaishia pembeni. Kipa ukimbadilisha, unabadilisha na mabeki wote. Kipa anayetoka kuchukua krosi huachiwa njia: mabeki wanasimama mbele kidogo, usawa wa alama ya penalti, na boksi dogo linabaki lake. Kipa anayekaa mstarini, mabeki wenyewe ndio wanaotakiwa kurudi na kupiga vichwa mle ndani. Wewe kwa mechi 6 umewafundisha mifumo miwili bila ya kuwaambia leo ni upi. Kona inapigwa, beki anamsubiri kipa, kipa anamsubiri beki, na mshambuliaji hamsubiri mtu.

Chagua mmoja leo hii, hata kama moyo haujatulia, adake mechi 3 mfululizo. Katika wiki hizo 3 wapime wote wawili mazoezini, kwa daftari. Kichwa cha kocha kinakumbuka bao la mwisho tu.

Krosi: 20 kutoka kulia na 20 kutoka kushoto kwa kila kipa, mara mbili kwa wiki. Weka washambuliaji 2 na mabeki 2 ndani ya boksi, wagombanie kweli. Kipa akiwa peke yake anadaka zote na wewe hujajua kitu. Andika nne: kadaka, kapiga ngumi ikatoka nje ya kumi na nane, katema, kabaki mstarini na mpira ulikuwa wake. Kutema kuhesabu mara mbili, kwa sababu mpira uliotemwa unaanguka kwenye boksi dogo, na pale hata beki anaweza kuufunga. Fanya zoezi hilo magoli yote mawili. Upepo wa kaskazi au kusi ukivuma, krosi inayokuja kinyume na upepo inaelea kisha inadondoka ghafla. Kipa anayewahi kutoka anapita chini yake na mikono juu. Ukipima goli moja tu, huenda umeupima upepo.

Mguu: pasi 15 za kurudishwa, mshambuliaji akimfukuzia kutoka mita 10. Hesabu zilizomfikia mwenzake, si zilizokwenda mbali. Mashuti 20, nusu kutoka ndani ya kumi na nane. Ana kwa ana 10. Basi, inatosha.

Halafu rudi kwenye yale mabao 11 na uandike kila moja lilivyoingia. Hapa ndipo makocha wengi wanapokosea: wanamtafuta kipa bora, na wanachohitaji ni kipa wa mabao wanayofungwa wao. Ikiwa 6 au 7 yametoka kwenye kona na faulo za pembeni, jawabu unalo. Sisi tungemuanza mrefu. Kwenye viwanja vya daraja la pili, mpira unavyodunda juu ya udongo mkavu na vijiwe, mguu wa kipa ni ziada. Mipira ya juu ndiyo kazi. Na kasoro ya mguu inafichika. Waambie mabeki wasimrudishie mpira usawa wa goli; wampe pembeni mwa nguzo, upande wa mguu wake wa nguvu, ili akiukosa uwe kona na si bao. Kisha aupige mbele kwa mguso mmoja, bila ya mapambo.

Kasoro ya kutema haifichiki, lakini inatibika. Mtazame yule kijana mikono yake mpira unapofika. Mara nyingi ni moja katika haya matatu: vidole gumba viko mbalimbali na mpira unapenya katikati, au viwiko vimenyooka kama vijiti na mpira unagonga viganja kama ukuta, au macho yamemhamia mshambuliaji hatua ya mwisho. Vidole gumba vikaribiane nyuma ya mpira, viganja vifanye umbo la herufi W, viwiko vikunjwe kidogo vilegee wakati wa kupokea, na mpira udakwe mbele ya paji la uso, pahala pa juu kabisa anapofika. Goti la upande wa mpinzani linainuka. Mpe mipira 30 kila siku ya mazoezi, mwenzake akimsukuma kwa kipande cha godoro anaporuka, na mpira wa tenisi mara 50 ukutani kwa mkono mmoja mmoja. Usitegemee kuona tofauti kabla ya wiki 5 au 6.

Lililobaki ni kusema. Mwite kwanza anayekaa benchi, peke yake, siku mbili kabla ya mechi, na daftari mkononi. Mwambie ni mechi ngapi na kipi kitamrudisha langoni. Kumvalisha mtu jezi uwanjani dakika 40 kabla ya filimbi, na mwenzake anatazama, kunavunja wawili kwa mpigo. Na ukishamchagua, usimtoe kwa kosa moja. Mtoe kwa maumivu, kwa utovu wa nidhamu, au kwa kosa lile lile mara ya tatu baada ya kulifanyia kazi.

SWALI: Je, kipa mmoja wa ligi na mwengine wa kombe? Naona timu kubwa zinafanya. – Msomaji, Mkoani

JIBU: Zinafanya, na zimeshinda. Barcelona msimu wa 2014/15 ligi alidaka Claudio Bravo. Kombe la Mfalme na Ligi ya Mabingwa akadaka Marc-André ter Stegen, na makombe yote matatu yakaja nyumbani. Real Madrid msimu mmoja kabla, Diego López alikuwa wa ligi na Iker Casillas wa makombe. Wakachukua mawili ya Casillas, ligi wakaikosa. Tofauti yake na kupokezana ni kuwa kila mtu anaijua mechi yake tangu mwanzo wa msimu. Lakini angalia mwisho wake: López aliondoka 2014, Bravo akaondoka 2016. Mpango huu unanunua msimu mmoja au miwili ya utulivu, haukai. Na kwa timu ambayo kombe lake linaisha kwa mechi mbili, huyo kipa wa kombe ni wa benchi tu aliyepewa cheo.

SWALI: Tuko robo fainali ya mashindano ya mtaani, hakuna muda wa nyongeza, sare ni penalti moja kwa moja. Kipa wetu wa akiba anadaka penalti kuliko anayeanza. Tumuingize mwishoni? – Nahodha, Jang'ombe

JIBU: Kwanza hakikisha ni kweli. "Anadaka penalti" mara nyingi ina maana alidaka moja mbele ya watu. Wapigiwe wote wawili penalti 5 mwisho wa kila zoezi, wapigaji wamechoka, kwa zoezi 8. Penalti 40 kila mmoja. Tofauti ikiwa 2 au 3, muache anayeanza. Ikifika 6, mna sababu.

Mfano wa heri ni Uholanzi, Kombe la Dunia 2014. Robo fainali na Costa Rica, dakika ya mwisho ya nyongeza, kocha Louis van Gaal alimtoa kipa Jasper Cillessen akamuingiza Tim Krul. Krul akadaka mbili, wakashinda 4–3. Kinachosahauliwa ni nusu fainali na Argentina: mabadiliko yalikuwa yamekwisha, Cillessen akabaki langoni, wakatolewa 4–2. Kwa hiyo kama mna nia hiyo, badiliko moja liwekwe, kocha asishawishike kuingiza winga dakika ya 80. Mfano wa shari ni Chelsea, fainali ya Kombe la Ligi 2022: Kepa Arrizabalaga aliingizwa kwa ajili ya penalti, hakudaka hata moja, na yake mwenyewe akaipaisha. Liverpool wakashinda 11–10. Hapa kwetu Zanzibar ya Machakos 2017 bado inauma: fainali ya Chalenji, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, 2–2 na Kenya, kisha kipa wao Patrick Matasi akatuzuia penalti tatu. Matasi hakuingizwa mwishoni. Alikuwa kipa wao tangu mwanzo.

Kwa vile hamna muda wa nyongeza, badiliko lazima lifanyike kabla ya filimbi ya dakika 90, mpira ukiwa umesimama. Ikishalia, kipa anabadilishwa tu akiwa hawezi kuendelea. Kwa hiyo aanze kupasha misuli dakika ya 75, adakishwe mashuti kando, na kuanzia 85 awe amesimama na mwamuzi wa akiba, kwani dakika za mwisho mpira unaweza usitoke nje. Na mkumbusheni: mpira unapopigwa, walau sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake. Akiruka mbele na kudaka, inarudiwa; mara ya kwanza anaonywa, ya pili kadi ya njano.

SWALI: Mwamuzi ametupigia kona ati kipa wetu kashika mpira sana. Kuna sheria hiyo? – Shabiki, Makunduchi

JIBU: Ipo, tangu msimu wa 2025/26. Sekunde 8 mkononi, zikipita ni kona. Mwamuzi ananyanyua mkono na kuhesabu 5 za mwisho kwa vidole. Ile ya zamani ilikuwa sekunde 6 na faulo isiyo ya moja kwa moja, na karibu hakuna aliyeipiga. Kipa wenu mzoefu wa kulalia mpira ili kuua muda sasa anawaletea krosi asizozitaka.

SWALI: Mwanangu anasoma Marekani. Kila akipiga simu ananieleza timu yake haijui "kwotabeki" gani ataanza, kama kuna msiba. Huyo ni nani, na kwa nini jambo kubwa hivyo? – Mama, Kiembesamaki

JIBU: Mama, ni ule mpira wa Kimarekani, unaobebwa na kutupwa kwa mikono, wachezaji wamevaa kofia ngumu. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa karibu kila shambulizi, akaamua autupe mbele au amkabidhi mkimbiaji. Shida yake inafanana na ya kocha wa Wete, ila kali zaidi. Mpokeaji anakimbia njia yenye hatua za kuhesabu, na mpira unatupwa kabla hajageuka. Ukichelewa kidogo tu, adui keshaudaka. Na shambulizi linaanzishwa kwa sauti ya kwotabeki mwenyewe. Wenzake wakiwa hawajaizoea, mmoja anachomoka kabla, timu inarudishwa yadi 5. Zoezi la wiki ni dogo, kwa hiyo likigawiwa baina ya wawili, hakuna anayeshiba.

Mwambie mwanao akukumbushe ya timu ya New England Patriots. Septemba 2001 Drew Bledsoe aliumizwa, akaingia kijana wa akiba, Tom Brady. Bledsoe alipopona, kocha Bill Belichick hakurudi nyuma. Brady naye akaumia kifundo kwenye mechi ya kuingia fainali, Bledsoe akaingia na kuimaliza, na bado fainali ya Februari 2002 aliyeanza ni Brady. Wakashinda 20–17. Kocha alikuwa na kila kisingizio cha kuyumba.

SWALI: Mimi ni kipa namba mbili, sijadaka mechi hata moja msimu huu. Glovu zangu zimepasuka kama ngozi ya mamba na sijazitumia! Nifanye nini? – Kijana, Konde

JIBU: Mwanetu, zimepasuka kwa sababu hukuzitumia, na pengine ulizianika juani. Ule mpira laini wa kiganjani ukikauka unakatika. Zioshe kwa maji ya vuguvugu matupu, usitie sabuni ya unga, uzikamue kwa kuzibonyeza bila ya kuzisokota, kisha uzitundike kivulini penye upepo. Usizifungie kwenye mfuko pamoja na viatu vyenye mchanga. Kabla ya mechi zitie maji kidogo viganjani, zinashika zaidi. Kavu kabisa zinateleza.

Na zitie maji hata siku unayokaa benchi, kabla ya mechi na wakati wa mapumziko. Dawa ya kuzifanya zidumu ndiyo hiyo hiyo ya kukuweka tayari: kipa wa kwanza akiumia dakika ya 3, hutapewa muda wa kutafuta chupa.