Muulize Anti: Jina Moja la Ukoo, Je na Damu Ni Moja?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa miaka 29, nipo Dar, kwetu Machame na jina letu la ukoo ni Massawe. Nimepata mchumba, huu mwaka wa pili, tumeelewana vizuri sana, shida nae ni Massawe ila wa Rombo. Nilivyomtaja nyumbani baba akanyamaza kimya, shangazi ndo akasema waziwazi kwamba hiyo ni damu moja, haiwezekani, mtazaa watoto wenye matatizo. Halafu wakaanza kumlinganisha, oh ana mwanya kama sisi, paji la uso la kwetu kabisa. Na watu wa baba mkubwa aliyehamia Maji ya Chai wote wana meno ya kahawia, sasa kaka yake huyu binti nae meno yake hivohivo, shangazi akasema si mnaona, alama ya ukoo hiyo. Anti nisaidie, nitajuaje kama kweli sisi ni ndugu? Na hizi alama za ukoo zipo kweli au ni maneno tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu maana humo ndani kuna maswali matatu yamefungwa kamba moja, kuna jina, kuna sura na kuna ndoa, na shangazi yako kayajibu yote kwa mpigo. Tuyafungue moja moja.

Tuanze na meno maana hilo ndo jepesi. Meno ya kahawia sio ya ukoo, ni ya maji. Ukanda wote ule wa chini ya Mlima Meru, Maji ya Chai, Usa River, Ngurdoto na kuendelea, maji yake yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajiumba ndani ya ufizi, yaani toka uchanga mpaka kwenye miaka minane hivi, ile ngozi ngumu ya nje ya jino inaharibika na jino linaota tayari lina madoa. Na magadi tunayotia kwenye maharage au makande yaive haraka nayo yana floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na visima vingi vya ukanda ule vinapita hapo mbali sana. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kupunguza floraidi, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwahiyo fanya hivi, wahesabu watoto wa baba mkubwa, wale waliozaliwa na kukulia Maji ya Chai na wale waliokulia Dar au huko juu mlimani, uone meno yao. Halafu kamuulize huyo shemeji yako alikulia wapi. Mimi naamini utakuta alikunywa maji ya ukanda huohuo.

Haya, mwanya. Mwanya kweli unarithiwa, na paji la uso nalo, kimo, umbo la pua, hata upara wa mapema. Lakini hivi vitu havifuati jina mwanangu, na hapa ndo nataka tukae kidogo maana watu wengi wanapotea hapa.

Jina la ukoo kwenu Uchagani linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, baba wa baba, babu wa babu, mstari mmoja tu. Mwilini kuna kitu kimoja kinachotembea hivohivo, kromosomu Y, yaani kifurushi kimoja cha urithi wa mwili, hiyo baba anampa mtoto wa kiume karibu kama alivyoipokea kwa baba yake. Sasa piga hesabu ya vilivyobaki. Una wazazi 2, babu na bibi 4, wazazi wao 8, halafu 16, 32, 64, ukifika kizazi cha saba juu yako una wazee 128. Kati ya hao 128, aliyekuletea jina la Massawe ni mmoja. Mmoja tu! Hao wengine 127 ni kina Swai, kina Lema, kina Mushi, kina Nkya, ni akina mama walioolewa kutoka mitaa mingine na wengine hata kutoka nje ya mlima kabisa, na ndo waliokuletea sehemu kubwa ya hiyo sura unayoiona kwenye kioo. Upara kwa mfano, jeni yake moja kubwa, yaani chembe ya urithi, ipo kwenye kromosomu X ambayo mtoto wa kiume anaipata kwa mama yake, kwahiyo ule upara mnaouita wa akina Massawe inawezekana kabisa kuna bibi aliuleta kutoka kwao na hakuna aliyeandika jina lake. Na mwanya je, utembee pwani yote hii, utembee bara, utakutana na mianya ya watu ambao hamna hata babu mmoja wa kuwaunganisha. Shangazi kaona kitu cha kweli usoni kwa huyo binti, ila hakithibitishi anachokisema yeye.

Tuje kwenye jina lenyewe. Massawe wapo Machame, wapo Kibosho, wapo Rombo, na mtu akiwakuta Dar ofisini wanaitana ndugu hapohapo. Wanaweza kuwa wametoka kwa mzee mmoja kweli, wakasambaa kutafuta ardhi au kukimbia vita za kina mangi, watawala wa zamani wa Kichaga, zilikuwepo nyingi kabla Mjerumani hajaja. Inawezekana pia ni koo mbili tofauti zilizoangukia jina moja. Wachaga hawakushuka mlimani siku moja wote kutoka sehemu moja, masimulizi ya koo yenyewe yanasema hawa walitoka Ukambani, hawa Taita, hawa Usambara, hawa wana asili ya Kimasai. Kwahiyo jina peke yake usilitegemee, jina ni mlango, inabidi uingie ndani uulize.

Na pa kuulizia unapo. Mwezi wa kumi na mbili si mnapanda wote kwenda kihambani, kwenye shamba la urithi la ukoo? Safari hii usikae na simu na wenzio. Mtafute mzee wa ukoo anayejua mambo ya matambiko, kaa nae asubuhi kabla wageni hawajajaa, washa kinasa sauti kwenye simu (muombe ruhusa kwanza, wazee wengi wanafurahi wakiona unataka kuweka maneno yao). Muulize kihamba cha kwanza cha ukoo kilikuwa mtaa gani, nani kazikwa wapi, masale, ile mimea ya kuweka alama za mipaka na makaburi, yapo pande zipi, nani alihama akaenda upande gani na kwa sababu gani. Muulize ukoo wenu ulikuwa hauoani na ukoo gani, hilo ni swali kubwa sana usilisahau, maana mwiko wa kutooana mara nyingi ndo kumbukumbu ya undugu iliyobaki baada ya majina kusahaulika. Halafu waulize na bibi zako, kila mmoja ukoo wake aliozaliwa nao, sio ule alioolewa. Mimi bibi yangu nilimrekodi akiwa ameshaanza kuchanganya majina ya wadogo zake, na kila nikiusikiliza ule mkanda naumia kwamba sikwenda miaka mitano kabla.

Kisha mwambie mchumba wako afanye hayohayo kwao Rombo, mkutanishe majina. Maandishi nayo yapo. Walutheri walifungua misheni Machame mwaka 1893 na Wakatoliki wakafungua Kibosho mwaka huohuo, na makanisa yanaandika vitabu vya ubatizo, jina la mtoto, wazazi, wasimamizi. Nenda parokia au usharika wa babu yako, uende kwa heshima, usiwe na haraka, na tafuta jina kwa tahajia zote maana mwandishi mmoja anaweka s moja mwingine s mbili. Vitabu hivyo vinaweza kukurudisha vizazi vinne hivi, hata vitano. Juu ya hapo ni midomo ya wazee.

Utaniuliza, kwani kipimo cha DNA hakiwezi kumaliza ubishi? Kinaweza, na mlima wenu una mfano ambao mimi ukinigusa nashindwa kuendelea na kazi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi, yeye na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru, na familia zimeishi miaka yote zikijua kwamba vichwa vya wazee wao vilibebwa kwenda Ujerumani. Mwaka 2023 watafiti wa makumbusho ya Berlin walilinganisha DNA ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro na ya watu walio hai huko mlimani, fuvu moja likaoana kabisa na ukoo wa mtu aliyekuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Zaidi ya miaka 120 imepita, na mjukuu bado anabeba maandishi yaleyale mwilini. La Mangi Meli mwenyewe halikuwemo. Lakini angalia walivyofanya, hawakupima watu ovyo, walianza na masimulizi ya familia zenyewe, nani ni wa nani, ndipo maabara ikaja baadae. Wewe na kaka wa huyo binti mkipimwa kromosomu Y mtajua kama mstari wa baba ni mmoja, ila bila masimulizi hamtajua ni mzee gani na aliishi lini.

Sasa ndoa. Tuseme imeonekana mna mzee mmoja, kizazi cha saba huko juu. Kibaolojia watu wa umbali huo wanachangia kidogo mno, mara nyingi hakuna hata kipande kimoja cha DNA kinachoonekana kuwa ni kilekile. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia ndugu wa karibu kabisa, jina la ukoo hailigusi. Kwahiyo la watoto wenye matatizo lisikutishe kwa umbali huo, ila mkikuta babu zenu walikuwa ndugu hapo ni habari nyingine, kaa chini ufikiri upya. Upande wa mila ni wa wazee, na mimi nakushauri usiende kumpiga baba yako na karatasi ya maabara. Kutooana ndani ya ukoo ni heshima iliyowalinda wazee wenu karne na karne. Nenda na orodha ya majina, mkae, waone wenyewe mstari unaachana wapi. Baba aliyenyamaza hajakataa.

Na kitu kimoja ambacho shangazi hakukitaja na ndo mimi ningekuwa na wasiwasi nacho, pimeni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wote wawili. Hiyo haiulizi jina. Mkiwa wote mmebeba jeni yake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto azaliwe mgonjwa. Daktari Anthony Allison aliyekulia Kenya alionyesha mwaka 1954 kwamba wabebaji ni wengi ukanda wa pwani na kuzunguka Ziwa Victoria penye malaria kali, na milimani ni wachache mno, kwa sababu kubeba jeni moja kunamkinga mtu na malaria. Lakini usijitegemeze kwenye Uchaga wako, si nimekwambia una wazee 128, unajua wote walitoka wapi?

SWALI: Assalaam alaykum anti. Sisi ni watu wa Mombasa, marehemu babu akituambia sisi ni Washirazi, wazee wetu walikuja na majahazi kutoka Uajemi na jina letu ndilo ushahidi. Nimelisema hilo chuoni wenzangu wakanicheka, wakaniambia jitazame rangi yako, nywele zako, babu yako aliwadanganya. Nambie ukweli.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, Mungu amrehemu babu. Hakuwadanganya, alikupa nusu ya hadithi. Mwaka 2023 kulitoka utafiti kwenye jarida la Nature, walichukua DNA ya watu 80 waliozikwa zamani kwenye miji yetu, Mtwapa hapo jirani yenu, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Wakakuta mchanganyiko ulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Mistari ya baba mingi ilitoka Uajemi, kama zinavyosema habari za kale za Kilwa, na mistari ya mama karibu yote ni ya hapahapa Afrika, tena wengi wao zaidi ya nusu ya damu yao ni ya hapa. Kuanzia kwenye 1500 ndo damu ya Uarabuni inazidi.

Kwahiyo wakikucheka waambie jina lilishuka kwa wanaume na wanaume walitoka mbali. Lugha unayoongea, chakula, namna ya kulea mtoto, waliokufundisha ni wale bibi ambao majina yao hayakuingia kwenye nasaba. Umeshawahi kuuliza mama yake babu aliitwa nani na kwao wapi? Basi anzia hapo, kabla dada zake babu hawajaondoka.

SWALI: Anti, kaka yangu yupo Marekani kanunua vile vikopo vya kutemea mate vya DNA, anataka kutuletea ukoo mzima Bukoba tupime. Tukubali?

JIBU: Kwa hiari ya kila mtu, mzee asishurutishwe. Ila jua kwamba hizo kampuni zinalinganisha mate yako na ya wateja wao, na wateja wao wengi ni Wazungu, kwa hiyo mtaambiwa tu nyie ni watu wa Afrika Mashariki na hilo si mnalijua. Na kaeni kikao kabla, maana kipimo kinaweza kumwambia mtu wa miaka 60 kwamba baba aliyemlea siye aliyemzaa, na jibu likishatoka halirudi. Kama shida yenu ni uhalali wa mtoto au mirathi basi hivyo vikopo havitawasaidia, hapa Tanzania kuna Sheria ya vinasaba, yaani DNA, ya 2009 na kazi hiyo ipo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi linapita kwa wakili, mahakama au ustawi wa jamii. Kama ni kutafuta ukoo tu, hiyo hela ya vikopo ingetosha nauli ya kaka yako kuja kukaa na wazee wiki mbili, na daftari kubwa, na betri ya simu.