Kiberiti cha shilingi mia

Jumapili moja mwaka juzi nilishindwa kununua kiberiti. Hela nilikuwa nayo, laki tatu na kitu, ila yote ilikuwa ndani ya simu. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tisa mchana, jiko langu la gesi huwashwa kwa kitufe cha umeme, na mwanangu alikuwa ameshauliza habari ya uji mara nne. Nikashuka kwa Mangi. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, muamala ukagoma. "Dada, mia tu, huna?" Sikuwa nayo. Mara ya mwisho kushika sarafu hata siikumbuki.

Alinikopesha. Akafungua daftari lake, akashika kalamu, kisha akanitazama: "Niandike nani?" Miaka mitatu nanunua dukani kwake na jina langu halijui. La kwake silijui pia. Mangi ndivyo tunavyowaita wenye maduka Dar es Salaam, kwa kuwa wengi wao ni Wachaga, na mangi ndiye aliyekuwa chifu kwetu. Kwetu, naam. Mimi mwenyewe ni Mchaga wa Old Moshi, mjukuu wa mwanamke ambaye jiko lake halikuwahi kulala bila moto.

Tulipokuwa wadogo, bibi alifukia makaa kwenye jivu kila usiku. Asubuhi anachokonoa kwa kijiti, anaweka majani makavu ya mgomba, anapuliza mara mbili tatu, moto huo. Siku makaa yakizimika, mmoja wetu anatumwa kwa jirani na kipande cha gubi la mgomba. Gubi likiwa bichi limejaa maji, haliungui upesi. Unawekewa kaa juu yake, unarudi mbio huku unalipulizia lisife njiani. Hapakuwa na daftari. Wiki ijayo wao ndio wangekuja kwetu.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijaribu kurudisha baadhi ya mambo ya bibi kwenye nyumba yangu ya kupanga, ghorofa ya pili, Kimara. Mengi yamenishinda. Nitayasema yote, yaliyoniwezekana na yaliyonishinda, usije ukapoteza hela nilipopoteza mimi.

Kwanza kihamba, maana watu wakisikia habari za kujitegemea kwa wazee wanamfikiria mtu mmoja porini anayekula matunda. Kihamba ni shamba la kuzunguka nyumba, nalo lina ghorofa kuliko jengo langu. Juu kabisa miti ya miringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe wawili hawatoki zizini. Wanaletewa majani na mashina ya migomba, na samadi yao inarudi mgombani. Maji yanashuka kutoka msituni kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kabla hatujajua bomba, na watu wanayapokea kwa zamu. Ukikwepa siku ya kuzibua mfongo unatozwa faini, na aibu juu.

Ila bibi hunikatisha kila ninapoanza kusifia. Mahindi na ulezi, ananiambia, vilitoka shamba la chini, tambarare, si kihambani. Chumvi ilinunuliwa. Zamani zaidi magadi yalitoka nyikani na chuma cha majembe kilitoka kwa wafuaji wa Ugweno, kule Upare. Kwa hiyo hata wao walitegemea watu. Walijua tu ni akina nani, na kitu kikikosekana kilikosekana peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sukari, sabuni na viberiti viliadimika madukani nchi nzima. Bibi anasimulia walivyofua kwa majani ya mpapai na kunywa chai ya chumvi. Lakini ndizi zilikuwapo, maziwa yalikuwapo, na moto, kama nilivyosema, ulikuwapo.

Kwangu mimi umeme ukikatika vinakufa vitu sita kwa mpigo: taa, jiko, pampu ya maji, friji, intaneti na pochi, kwa kuwa pochi ndiyo simu. Na wala si lazima umeme ukatike. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizolala chini ya bahari zilipata hitilafu, na Tanzania, Kenya na majirani wengine tukabaki tunatazama simu zinavyozunguka.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo basi: siku umeme ukikatika, chukua karatasi uandike kila kinachokugomea, kwa mpangilio kinavyogoma. Usiandike kwa kukisia siku umeme upo, utasahau nusu. Mimi nilisahau pampu, na kumbe choo changu kinategemea pampu.

Maji nitayapitia haraka. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, na madumu yakageuka dhahabu. Nilipopima, watu wanne kwa kunywa na kupika tu tunamaliza ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Kwa hiyo nina madumu saba yenye mfuniko, nayazungusha: la zamani linatumika, jipya linajazwa. Basi. Usinunue tenki kubwa la kuweka sebuleni kama nilivyotaka kufanya, sakafu si yako.

Chakula ndipo nilipoungua. Desemba, tuliporudi Moshi kama Wachaga wote, nilinunua gunia la mahindi nikalileta mjini kwa mbwembwe, nikaliegemeza nyuma ya mlango. Nilijiona mwanamke wa nguvu. Mwezi wa tatu nikasikia mlio, kama mtu anasaga mchanga taratibu. Nilipofungua, mkono ulizama kwenye vumbi. Dumuzi. Wengine wanamwita Skania, kama lile lori, na ukiona kazi yake utajua sababu. Huyu si mdudu wa mababu zetu: asili yake ni Amerika ya Kati, na aligunduliwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Tabora. Hula mahindi na makopa ya muhogo, punje zinabaki maganda na unga usiolika.

Nikampigia bibi. Hakunipa pole, aliniuliza maswali mawili: "Uliyang'ata?" na "Uliyaweka wapi?"

Kung'ata ndiko kupima ukavu. Punje kavu inavunjika kwa mlio, "ka". Yenye unyevu inabonyea. Mimi meno yangu siyaamini, kwa hiyo natumia chupa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili na punje za mahindi kama robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Isiponata, hifadhi. Jaribio hili halina gharama, na lingeniokolea gunia zima.

Pa kuweka, bibi aliweka darini, juu ya jiko la kuni. Moshi na joto vilikausha nafaka na kufukuza wadudu miezi yote. Mimi dari la hivyo sina, na mwenye nyumba angenifukuza. Nilichopata ni ile mifuko ya kuzuia hewa, ya PICS na mingineyo, mifuko miwili ya nailoni ndani ya gunia la kawaida. Unajaza, unatoa hewa kwa kukandamiza, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni wanakufa, bila dawa. Angalia tu nailoni isitobolewe na panya au msumari, na usifungue kila siku kuchota kikombe. Toa ya wiki mbili ufunge tena. Mfuko wangu wa kwanza uliharibika kwa kuchungulia.

Siku hizi naweka chakula cha wiki tatu: mahindi, maharage, dagaa wakavu, ulezi wa uji. Siweki vitu ambavyo hatuli. Rafiki yangu alijaza kabati mikebe ya samaki, akaishia kuigawa msibani.

Kilimo cha barazani nakiri hakikunilisha. Nilipanda mgomba kwenye ndoo! Bibi alipoletewa picha alicheka mpaka akakohoa. Kwake shina moja huachiwa mimea mitatu tu, mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine yote yanang'olewa, na hapo kuna futi kadhaa za udongo na samadi ya ng'ombe wawili. Wangu ulikuwa mjane kwenye ndoo ya rangi. Mchicha, majani ya kunde na mnafu vilistawi, vikatosha mboga ya siku mbili kwa wiki. Ni jambo zuri, ila asikudanganye mtu kwamba sufuria litajaa kutoka kwenye ndoo tano.

Mbegu nayo ina somo lake. Nilichagua punje nzuri kutoka kwenye mahindi chotara nikampelekea binamu apande shamba la chini. Yakaota marefu kwa mafupi, mengine na vigunzi vitupu. Chotara ndivyo alivyo, kizazi cha pili hakimfuati mzazi, na ndiyo maana kila msimu unarudi dukani. Maharage ni tofauti, hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukitenga yaliyo bora unaweza kupanda yaleyale miaka na miaka. Bibi ana maharage aliyopewa siku ya harusi yake. Ukitaka kuanza kuweka mbegu, anza na maharage au kunde, mahindi chotara waachie wenye maduka.

Kuhusu hela ni rahisi: hela ndogondogo kwenye kopo, noti za elfu moja moja na sarafu za mia tano, zisizoguswa kwa vocha. Lililo gumu ni majirani. Ghorofa yetu ina familia nane, na kabla ya kiberiti nilijua salamu tu. Nilianza kwa njia ya aibu kidogo, nikawa naenda kuomba vitu nilivyo navyo: kitunguu, ndimu. Huku kwetu mtu ukimpa tu anajiuliza unataka nini. Ukimwomba, amepata haki ya kukuomba. Ilichukua kama miezi miwili. Sasa yule mama wa chini ana funguo zangu, na Mangi naye nimemjua kwa jina lake. Anatoka Rombo.

Kabla hujafungasha kurudi kijijini, sikiliza upande wa pili. Bibi anapikia gesi, mtungi mdogo tuliomnunulia, na ukimwambia kuni zina ladha anakuonyesha macho yake. Miaka sitini ya moshi ule uliokuwa unalinda mahindi darini ulikuwa unamla yeye chini. Mkakati wa serikali wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, na bibi ameshatimiza sehemu yake. Majani ya ng'ombe nayo yalitoka tambarare kwa kichwa, saa mbili kupanda mlima na mzigo, na aliyeubeba hakuwa babu. Na kihamba chenyewe kimegawanywa kwa watoto wa kiume, kisha kwa watoto wao, hadi kipande cha baba yangu hakifiki nusu ekari. Kwa kipande kile hatuwezi kuishi hata tukitaka.

Kwa hiyo sijarudi nyuma na sikushauri urudi. Nina gesi, nina friji, muamala ukikubali nalipa kwa simu kama wewe. Nimepunguza tu vile vitu vilivyokuwa vinakufa pamoja: jiko nawasha kwa kiberiti, maji ya siku saba yapo, chakula kipo, na mlango wa kugonga upo.

Jambo la mwisho linahusu wazee, na hapa nakuhimiza uharakishe. Usimuulize bibi yako "mlikuwa mnaishije zamani", atakupa hotuba. Kaa naye akifanya kazi. Desemba iliyopita nilikaa naye akihifadhi mbegu, nikajua mambo ambayo kwa miaka arobaini hakuwahi kuyataja kwa kuwa kwake hayakuwa maarifa, ilikuwa kazi ya alasiri. Alipepeta jivu kwenye chekecheke likawa laini kama poda. Akalichanganya na maharage kwa mikono, polepole, hadi kila punje ikawa ya kijivu. Akajaza chupa za soda za plastiki mpaka shingoni, akizigonga chini ili yashikane, pasibaki hewa juu. Chupa moja ilikuwa na tone la maji kwenye kifuniko, akaiweka kando bila kusema. Nikamuuliza kwa nini. "Hiyo ya kupika leo," akajibu.

Alinipa chupa tatu. Ya kwanza tumekula, ya pili nimempa mama wa chini. Ya tatu iko juu ya kabati, haijafunguliwa, inasubiri masika.