Nunua mita kabla hujalipa ada: kwa mnaoanza digrii ya elektroniki mtandaoni

Kwa nyie mnaotaka kuanza digrii ya teknolojia ya uhandisi wa elektroniki kwa mtandao, mimi nimeisoma kwenye chuo cha Marekani nikiwa hapahapa Dar, mchana niko kiwandani kwenye matengenezo, usiku nasoma, na diploma yangu ya NTA 6 ndo iliyonifungulia mlango. Naona wengi mnauliza laptop gani, RAM ngapi, bando la wiki au la mwezi, ila hakuna anayeuliza habari ya mita, yaani multimita, kile kifaa cha kupimia volti, ampea na ukinzani. Laptop yoyote inayofungua LTspice, programu ya kuchora saketi na kuijaribu kwenye kompyuta (simulesheni), inatosha, tena programu yenyewe ni ya bure na haitaki mashine kubwa. Kitakachokubeba ni meza yako ya kupimia pale nyumbani, yaani mita, bredibodi (ubao wa matundu wa kuunga saketi bila kuchomelea), rezista za kutosha (vipande vya kuzuia mkondo wa umeme), kapasita (za kutunza chaji), LED na betri ya volti 9. Ukisoma elektroniki kwa kioo tu utafaulu mitihani vizuri kabisa halafu siku ukiwekwa mbele ya kadi ya saketi iliyokufa mikono haijui ianzie wapi.

Ngoja niwape mfano. Wiki za mwanzoni tulipewa kazi nyepesi sana, rezista mbili za megaohm (ohm milioni) moja moja, zimeungwa kwa kufuatana kwenye betri ya volti 9, pima volti pale katikati. Kwenye simulesheni nikapata 4.5, ndo hesabu inavyosema. Nikaunga za ukweli kwenye bredibodi, nikapima, 4.29. Betri nikaipima peke yake, 9.0. Nikabadilisha rezista, namba ikacheza kidogo tu ila haikutoka kwenye 4.3. Nikaanza kuandika kwenye ripoti kwamba rezista ni feki, bahati nzuri nikalala kwanza. Kumbe mita nayo ina ukinzani wake ndani, nyingi za digitali ni megaohm 10, sasa ukiigusisha kwenye ile rezista unakuwa umeongeza nyingine sambamba nayo, megaohm moja inashuka mpaka 0.909, piga hesabu upya utaiona 4.29 yako hiyo hapo. Kwenye mchoro wangu mita haikuwepo, kwenye meza ilikuwepo. Tangu siku ile kila namba nikiipata nauliza kwanza nimepima kwa kitu gani, na kazini hiyo tabia imenisaidia kuliko kozi nzima nzima.

Bredibodi nayo ina mambo yake. Zile ndefu, nyingi reli za pembeni za plasi na negativu zimekatwa katikati, angalia vizuri utaona mstari mwekundu una pengo. Mimi nilikesha siku mbili na saketi ya op-ampu (IC, yaani chipu, ya kukuza volti) iliyogoma, nikaenda Kariakoo nikanunua IC nyingine tatu, kumbe nusu ya bodi haikuwa na umeme kabisa, kipande cha waya kingemaliza kazi. Na ukishapima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti hapohapo kabla hujafanya kingine, la sivyo ukigusa betri ni shoti na fyuzi ya mita inakwenda. Nunua fyuzi za akiba.

Jambo la pili, na hili naliomba msilipite, teknolojia ya uhandisi na uhandisi wenyewe si kitu kimoja kwenye makaratasi. Kule Marekani ABET, shirika la ithibati la programu za uhandisi na teknolojia, inazipa ithibati kupitia kamisheni mbili tofauti, uhandisi ni EAC, teknolojia ni ETAC, na majimbo kadhaa ukiwa na hii ya pili unadaiwa miaka zaidi ya uzoefu kupata leseni ya uhandisi, mengine hayaikubali kabisa. Huku kwetu shahada ya nje inapita TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa utambuzi, halafu usajili ni ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi). Kenya wao wana bodi yao ya wanateknolojia kwa sheria ya 2016. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata dola moja, nenda na mtaala mkononi ukaulize watakusajili kundi gani, uliza kwa maandishi. Nina rafiki aliuliza akiwa ameshamaliza, na mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Kuhusu muda, dedilaini zangu zilikuwa Jumapili saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, kwetu hiyo ni Jumatatu saa 12:59 asubuhi, ila wenzetu wanageuza saa, Novemba inakuwa 1:59 na Machi inarudi. Mitihani ya kusimamiwa kwa kamera tafuta sehemu yenye umeme wa akiba, basi.

Hesabu ndo zinawatisha wengi. Mimi kalkulasi ilinikaa kwa rezista ya kilohm 100 na kapasita ya mikrofaradi 100. Ukizidisha unapata sekunde 10, maana yake baada ya sekunde 10 kapasita inatakiwa ifike kama asilimia 63 ya betri, volti 5.7 hivi. Mdogo wangu alishika simu anahesabu sekunde kwa sauti, mimi nasoma mita na kuandika kwenye daftari, volti 1.6 kwenye sekunde ya mbili, 3 kwenye ya nne, 4 kwenye ya sita, tukaweka nukta kwenye karatasi ya grafu na ule mstari ukatoka wenyewe, unapanda kwa kasi halafu unalegea, uleule wa kitabuni. Dogo alikuwa kidato cha pili na alielewa. Yenu inaweza kuchelewa au kuwahi sekunde moja mbili, hizo kapasita huwa hazilingani sawasawa na kilichoandikwa juu yake. Angalieni tu mguu wa negativu, una mstari ubavuni, ukiigeuza inavimba na inaweza kupasuka usoni.